Mtoto hajapona, mama anaambiwa imani yake ndogo. Kwa sisi Wakatoliki hii imekaaje?

Mjomba_wa_Gungu (Kigoma)

Tumsifu Yesu Kristo wadau, na ambao si Wakatoliki mwakeye (salamu yetu ya Kiha), poleni na majukumu.

Kuna jambo linanikera muda sasa, naomba mwenye kujua anisaidie bila matusi. Dada yangu wa tumbo moja yuko hapa hapa Kigoma, ana kijana wake wa miaka tisa ana selimundu (sickle cell). Yaani tangu yuko mdogo ni nyumbani hospitali, nyumbani hospitali, damu ameongezewa mpaka ndugu tumezoea kupigiwa simu usiku. Dada ni Mkatoliki kweli kweli siyo wale wa Krismasi na Pasaka, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) yupo, jumuiya hakosi, rozari kila siku. Mwaka huu kikaanza kuja kikundi cha maombi nyumbani kwake, sitakitaja jina maana siyo lengo. Wanasali vizuri tu na mwanzoni hata mimi nilifurahi maana angalau dada alikuwa na watu wa kumshika mkono. Basi dogo akakaa kipindi bila maumivu, wakasema kapona, dada akasimama mbele za watu akatoa ushuhuda na vigelegele vikapigwa.

Maumivu yakarudi. Mtoto analia miguu, analia mgongo, halali. Wale wamama badala ya kusema pole wanamwambia dada umepoteza muujiza wako kwa mashaka, ungeamini kweli usingekuwa bado unampa vidonge, vidonge ni kumwambia Mungu sikuamini. Mwingine akaongeza labda kwenye ukoo kuna kitu cha kutubu. Sasa dada vidonge kavipandisha juu ya kabati na analia kila siku, siyo kwa ugonjwa wa mtoto tena, analia kwa sababu anaona yeye ndo anamzuia mwanae kupona!! Shemeji kakasirika hataki kusikia habari ya sala kabisa nyumba imegawanyika.

Mimi siyo msomi wa dini, nilipata kipaimara basi. Nauliza, mafundisho ya Kanisa yanasema muujiza unapewa kwa kipimo cha imani? Usipopona ni kosa lako? Na mtoto wa miaka tisa imani yake inapimwaje sasa? Nisaidieni nipate cha kumwambia maana mimi nikifungua mdomo ananiambia wewe hata kuungama huendi (ambayo ni kweli lakini siyo hoja).

Moto_wa_Roho

Pole sana kaka na mpe pole dada. Mimi ni karismatiki hapa Tabora mjini, karismatiki Mkatoliki naomba ieleweke, kwa hiyo naomba msituweke wote kapu moja maana nyuzi kama hizi huwa zinaishia kututukana.

Waliomwambia aache dawa wamekosea, hilo sina mjadala. Ila kwa upande wa pili tusije tukaifanya imani kuwa pambo. Yesu vipofu wawili aliwauliza kabisa, mnaamini kwamba naweza kufanya jambo hili? Ndipo akawagusa macho, ni Mathayo 9 nendeni mkasome. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 aliambiwa imani yako imekuponya, umati mzima ulikuwa unamsonga Yesu siku ile lakini aliyepona ni mmoja, kwa nini? Na Nazareti je, kwao kabisa, Marko 6 inasema hakuweza kufanya muujiza wowote pale isipokuwa wagonjwa wachache, akastaajabia kutoamini kwao. Hayo sijatunga mimi. Nimeona watu kwenye maombi yetu wanakuja kama wamekuja kuangalia mpira, mikono mfukoni, halafu wanaondoka wanasema mbona hakuna kitu. Imani ina nafasi yake jamani tusiogope kuisema kisa kuna watu wameitumia vibaya.

Katekista_Mstaafu (Isevya, Tabora)

Milele Amina mwanangu. Nimekuwa katekista miaka mingi, sasa nimestaafu, mjukuu ndo ananiandikia hapa mimi nasema yeye anabonyeza kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Nianze na binti wa karismatiki kwa sababu kasema neno zito na hajakosea yote. Ni kweli Yesu mara nyingi aliwaomba wagonjwa waamini, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1504 inasema hivyo hivyo. Lakini mwanangu usisome Marko sura ya 6 ukaishia hapo, soma na ya 9. Kuna baba kaleta mtoto wake anaanguka kwenye moto na kwenye maji. Yule baba imani yake ilikuwaje? Alisema ukiweza neno lolote tusaidie. UKIWEZA! Yesu akamshika hapo hapo, naye akalia, naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Hiyo siyo imani ya kupigiwa makofi, ni nusu imani nusu machozi, na mtoto akapona. Sasa fungua Mathayo 17 habari ile ile, wanafunzi wakaja kwa siri kumuuliza Bwana mbona sisi tulishindwa kumtoa yule pepo, akawajibu ni kwa upungufu wa imani YENU. Umeona? Wanafunzi walioshindwa ndo walioambiwa imani haba, yule baba hakuambiwa nenda kaongeze imani ndo urudi, wala mtoto. Kwa hiyo hao wamama wakija tena wakatafuta mwenye imani ndogo nyumba ile, mwambie dada yako awasomee Mathayo 17 kwa upole halafu awakaribishe chai.

Na Nazareti, wale hawakuwa watu wenye mashaka. Wale walikuwa wamemkataa, huyu si yule seremala, dada zake si tunao hapa, wakachukizwa naye. Huwezi kumlinganisha mama anayelia usiku na mtoto mgonjwa na watu waliotaka kumtupa Yesu bondeni, Luka 4 inasema walitaka kumtupa. Na hata huko huko Nazareti wagonjwa wachache aliwawekea mikono wakapona.

Sasa wako waliopona bila kuulizwa imani hata kidogo. Mgonjwa wa miaka 38 pale birikani, Yohana 5, alipoulizwa nani kakuponya hakujua hata ni nani. Mjane wa Naini hakuomba kitu, alikuwa anazika. Yule mtumishi wa kuhani mkuu alikatwa sikio wakati amekuja kumkamata Bwana, akarudishiwa sikio, huyo alikuwa na imani gani, alikuwa adui! Halafu wako waliobebwa na imani ya wengine, yule aliyepooza akashushwa darini, Injili inasema Yesu alipoiona imani YAO, wale waliombeba. Binti wa Yairo alikuwa ameshakufa, maiti inaamini nini. Mtumishi wa akida hata hakuwepo.

Kwa hiyo mwanangu imani siyo kama namba za luku kwamba ukikosea tarakimu moja umeme haurudi. Imani ni kumtegemea Mungu mwenyewe, apendavyo kutoa na apendavyo kutotoa, na hata hiyo imani yenyewe ni yeye anayetupa, hatuitengenezi kwa kukaza sauti. Muujiza ni zawadi na ishara ya Ufalme. Katekisimu namba 549 inasema Yesu aliwaokoa baadhi na njaa, na dhuluma, na magonjwa, na mauti, lakini hakuja kuondoa maovu yote ya hapa duniani, alikuja kutukomboa na utumwa mkubwa kuliko yote, dhambi. Na 1508 ndiyo ya kumwonyesha dada yako kabisa, inasema hata sala za bidii sana hazipati uponyaji wa magonjwa yote, na inamtaja Paulo. Paulo! Aliomba mara tatu mwiba utolewe akajibiwa neema yangu yakutosha. Paulo huyo huyo alimwambia Timoteo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Trofimo alimwacha Mileto hawezi. Kuna mtu atasema Paulo imani yake ilikuwa ndogo?

Habari ya laana ya ukoo, Yohana 9. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, jibu lilikuwa si huyu wala wazazi wake. Imeisha hiyo.

Kijiwe_Stesheni

Mimi nipo tofauti kidogo, siamini sana haya mambo ila nasoma. Swali langu dogo tu kwa wazee wa imani. Kama akipona ni Mungu, asipopona ni mapenzi ya Mungu, akipona akaugua tena ni shetani au mashaka, sasa kuna matokeo gani hapo ambayo yanaweza kuonyesha maombi hayajafanya kazi?? Maana naona kila njia imezibwa. Huyo mama kawekwa kwenye mchezo ambao hawezi kushinda. Mbona wanaoombea hawaendi wodini pale wakafagia vitanda vyote wagonjwa warudi makwao.

2011 nilikuwa kijana nikaona watu wanakodi magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha Babu kwa shilingi 500, wengine walitoka mikoa hii hii yetu ya mbali, wakarudi wanasema wamepona wakaacha dawa zao za kila siku. Nisiseme yaliyofuata.

Nesi_Kasulu

Nimeona neno selimundu nikashindwa kupita. Mimi ni nesi, ni Mkatoliki pia, kwa hiyo sina ugomvi na upande wowote ila naomba hili lisomwe kwa makini hasa na mjomba mtu.

Selimundu tabia yake INATULIA YENYEWE halafu inarudi. Mtoto anapata shambulio la maumivu, linakaa siku kadhaa, linaisha, anacheza mpira kama hakuna kitu, anaweza kukaa wiki au miezi, halafu baridi kidogo au homa au hajanywa maji ya kutosha linapiga tena. Kwa hiyo ukimwombea mtoto siku ya tatu ya maumivu na siku ya tano akanyamaza hujui kama ni muujiza au ni mwendo wa kawaida wa ugonjwa, na hapo ndo watu wanakimbilia kutoa ushuhuda. Sisemi Mungu hawezi, nasema usitangaze haraka. Ukitaka kujua kapona kweli kuna kipimo cha damu kile cha kuangalia aina ya himoglobini, kama alikuwa SS (ndo selimundu yenyewe) kitasoma SS hata siku anaruka ruka. Hakuna aibu kupima, kama Mungu kafanya kipimo kitasema, Mungu haogopi maabara.

Ukoo sasa. Hakuna laana pale, ni kurithi, baba anabeba kidogo na mama anabeba kidogo wote wazima kabisa, mtoto akichukua kwa wote wawili anaugua. Na imeenea kwetu kwa sababu ya malaria, anayebeba nusu anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali ndo maana maeneo yenye malaria nyingi kama huku ziwani imebaki kwenye damu zetu. Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto zaidi ya 11,000 kwa mwaka wenye hali hii, sasa hao wote koo zao zina laana? Shemeji aambiwe pia maana huwa kina baba wanamsukumia mama peke yake.

VIDONGE VISHUKE KABATINI LEO. Foliki yake, na kama alianzishiwa haidroksiyurea hiyo ndo inapunguza mashambulio yasije mara kwa mara, haifanyi kazi ukimeza siku unazojisikia tu. Chandarua, maji mengi. Akipata homa, au anahema kwa shida, au tumbo limevimba upande wa kushoto, au mkono au mguu upande mmoja umelegea, au mdomo umepinda, hiyo siyo ya kusubiri kikundi kije, hiyo ni bodaboda saa hiyo hiyo. Nimepokea watoto waliocheleweshwa kwa sababu hizi, sipendi kukumbuka.

Na kwa wanaosema dawa ni kukosa imani, kwenye Biblia yetu Wakatoliki kuna kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38, mheshimu tabibu kwa maana Bwana ndiye aliyemuumba, Bwana ameumba dawa kutoka ardhini na mtu mwenye akili hazidharau. Halafu hapo hapo inasema ukiugua mwombe Bwana, NA mpe tabibu nafasi. Vyote viwili kwenye sura moja.

Mjomba_wa_Gungu (Kigoma)

Aisee asanteni. Katekista shikamoo mzee wangu, hiyo ya Mathayo 17 sikuwahi kuiona kwa jicho hilo. Nesi ubarikiwe, vidonge nitavifuata mwenyewe jioni hii nikitoka kazini.

Ila nataka nielewe, maana dada atanibana. Yeye atasema mbona Kanisa lenyewe linatangaza miujiza, mbona watakatifu hawatangazwi bila muujiza, kwa hiyo kuna watu wanapona, sasa hao walikuwa na nini ambacho mimi sina? Hapo nitajibu nini. Na Kijiwe kauliza swali zuri pia msimkwepe.

Nilipita_Kipalapala

Hapo kwenye "walikuwa na nini" naomba nishike mimi, niliwahi kukaa seminari kuu pale Kipalapala kabla sijaona wito wangu uko kwenye ndoa 😂

Jibu fupi ni hawakuwa na kitu, na hili linaonekana vizuri ukiangalia jinsi Kanisa linavyochunguza. Chukua Lourdes kule Ufaransa, Bikira Maria alimtokea Bernadette Soubirous mara 18 mwaka 1858. Watu wanakwenda pale mamilioni kila mwaka. Waliodai kupona na kuandikishwa ni zaidi ya 7,000. Wa 70 kutambuliwa rasmi na Kanisa kuwa ni muujiza alipatikana mwaka 2018, yaani miaka 160 nzima ndo unafika sabini, na tangu hapo wameongezeka wachache sana. Yule wa 70 ni sista mmoja Mfaransa, alipona 2008 baada ya miaka mingi ya maumivu ya uti wa mgongo, askofu wake akatangaza 2018. Miaka KUMI ya madaktari kuangalia mafaili. Hakuna aliyemwambia simama hapa toa ushuhuda.

Wanatumia vigezo vya karne ya 18 vya Kardinali Lambertini, huyu baadaye akawa Papa Benedikto wa 14. Ugonjwa uwe mzito na umethibitishwa, usiwe wa kuelekea kuisha wenyewe, isiwe dawa ndo iliyoponya, kupona kuwe kwa ghafla, kamili, na kusirudi. Sasa rudini mkasome alichoandika nesi, ugonjwa unaotulia halafu unarudi, mnaona kwa vigezo hivyo ushuhuda wa dada usingevuka hata mlango wa kwanza? Siyo kwa sababu imani yake ndogo, ni kwa sababu haikuwa imethibitishwa. Kijiwe hapo pia ndo jibu lako kwa sehemu, Kanisa lina utaratibu wa kusema HAPANA huu siyo muujiza, na linasema hapana mara nyingi sana kuliko ndiyo. Ofisi ya madaktari ya Lourdes ipo tangu 1883, na daktari asiye Mkatoliki au asiyeamini chochote anaruhusiwa kuja kuangalia.

Angalia sasa vigezo vyote hivyo, kuna sehemu imeandikwa mgonjwa awe na imani kiasi gani? HAMNA. Muujiza uliotumika kumtangaza Mama Teresa mwenyeheri mwaka 2003 alipona mwanamke wa kijijini India, Monica Besra, uvimbe tumboni, wakati ule hakuwa hata Mkristo. Kuna madaktari walibisha wakasema ni dawa, sifichi, ubishi upo mpaka leo, lakini ninachotaka muone ni kwamba Kanisa halikumkataa kwa sababu ya dini yake. Alexis Carrel yule daktari Mfaransa aliyekuja kupata tuzo ya Nobel 1912, alikwenda Lourdes 1902 akiwa mtu wa mashaka kabisa, akamwona mgonjwa mahututi aliyekuwa anamfuatilia anapata nafuu mbele ya macho yake, na cha ajabu kesi ile Kanisa halikuitambua rasmi pamoja na umaarufu wote.

Na sasa kubwa kuliko yote, mwambie dada hili. Bernadette mwenyewe, aliyemwona Bikira Maria kwa macho, aliyechimba kwa mikono ile chemchemi wanayoponea watu, alikuwa na pumu maisha yake yote, akapata kifua kikuu kikamla mifupa ya goti, akafa 1879 ana miaka 35. Hakupona. Alijua kabisa kwamba chemchemi ile siyo ya kwake, na amekuwa mtakatifu. Nani atasema alikosa imani?

Mswahili_wa_Ujiji

Samahani naingilia, mimi Muislamu wa Ujiji ila mama mzazi wa mke wangu ni Mkatoliki kwa hiyo tumo. Hata kwetu wapo wanaosema ukinywa dawa huna tawakkul (kumtegemea Mungu), wakati Mtume mwenyewe (SAW) kasema jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Na nabii Ayubu alikaa na mitihani yake na hakuna aliyesema kakosa imani isipokuwa watu wa mdomo. Mpe pole dada yako jirani, mtoto Allah amfanyie wepesi.

Moto_wa_Roho

Nimesoma yote, katekista nakubali hiyo ya Mathayo 17, nitaipeleka kwenye kikundi chetu Alhamisi na najua kuna watu haitawafurahisha.

Lakini Nilipita_Kipalapala bado sikubaliani na "hawakuwa na kitu". Ukiisema hivyo kavu kavu watu wataacha kuomba. Yule mama wa Kikananayo kanyimwa mara ya kwanza, kajibiwa kwa ukali mara ya pili, kang'ang'ana, na mwisho Yesu kasema imani yako ni KUBWA na binti akapona saa ile ile. Kung'ang'ana kuna maana mbele za Mungu. Mimi nadhani kosa la wale wamama siyo kutaka imani, kosa ni kumtaka mama mmoja aibebe peke yake halafu ikishindikana wanamwachia na lawama. Kama wale wanne wa darini wangemwambia yule aliyepooza jibebe mwenyewe ukiamini utafika?? Kikundi cha maombi kazi yake ni kubeba.

Halafu kuna maagizo yalitoka Vatikano Septemba 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji, wakati Kardinali Ratzinger ndo mkuu wa ofisi ya mafundisho ya imani, yanataka viongozi wa mikutano hiyo wasifanye maigizo wala kupandisha watu mori, na sala za uponyaji za kiliturujia zisifanyike bila ruhusa ya askofu. Tunasomewaga kwenye semina. Mjomba muulize dada, hicho kikundi paroko anakijua? Kina mlezi? Na kama kuna bahasha inapitishwa baada ya maombi, kimbia. Bure mlipata bure toeni, hayo Yesu aliyasema pale pale alipowatuma waponye wagonjwa.

Nilipita_Kipalapala

Sawa dada hapo kwenye kubeba nimekuelewa na nakubali nilisema kwa mkato. Nilichotaka kusema ni kwamba hawakuwa na kitu cha KUMLIPA Mungu. Kuomba tuombe mpaka magoti yaote sugu. Ila Yesu mwenyewe Getsemane aliomba kikombe kiondoke na hakikuondoka, kwa hiyo kuombewa kukanyimwa siyo dalili kwamba Baba hakusikii.

Kijiwe_Stesheni

Bado sijashawishika na muujiza wowote ila hiyo habari ya kusubiri miaka kumi nimeipenda, sikuwa naijua. Wangekuwa hivyo wote hata sisi tungekaa kimya.

Mjomba_wa_Gungu (Kigoma)

Wakuu nimetoka kwa dada sasa hivi. Vidonge vimeshuka, dogo kameza mbele yangu. Dada hajaongea sana, nilimsomea ya Bernadette akanyamaza akaniambia soma tena. Shemeji yeye kashika ile ya kurithi kwa wote wawili, naona imemgusa, kakaa anaangalia chini.

Swali la mwisho. Dada anataka mtoto aombewe lakini siyo na wale tena, angalau siyo kwa sasa. Anauliza kuhusu mpako wa wagonjwa ila bibi kasema huo ni wa mtu anayekata roho, ukimpaka mtoto unamuita kifo. Katekista hii imekaaje?

Katekista_Mstaafu (Isevya, Tabora)

Bibi asilaumiwe, wazee wetu wengi walifundishwa kwa jina la mpako wa mwisho. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisahihisha, na Katekisimu namba 1514 inasema wazi siyo sakramenti ya wale tu walio katika hatari ya mwisho ya kufa. Mtoto wa miaka tisa ana akili ya kutambua, anaweza kupokea, na anaweza kurudia ugonjwa ukizidi, na hata kabla ya operesheni kubwa. Yakobo 5, mtu wa kwenu hawezi na awaite wazee wa Kanisa, yaani mapadre. Ndani yake anaombewa nguvu, amani, ujasiri, na uponyaji wa mwili kama unafaa kwa wokovu wake. Haubishani na vidonge. Huko Karema, ziwa Tanganyika, mapadre walikuwa na Dokta Adriani Atiman, mtu aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa udaktari Malta, akawa katekista na tabibu pale pale mpaka alipofariki 1956. Asubuhi anafundisha Baba Yetu, mchana anafunga vidonda, na sikusikia mzee yeyote akisema alikuwa anachanganya mambo.

Aende ofisi ya parokia, au amwambie mwenyekiti wa jumuiya, padre anakuja hata nyumbani. Shemeji naye awepo. Na jumuiya isali pamoja nao siku hiyo, hao ndio wabebaji kama alivyosema binti. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, parokia nyingi huwa na Misa ya wagonjwa wenye kupakwa siku hiyo, lakini wasisubiri mpaka Februari.

Nesi_Kasulu

Na tarehe ya kliniki isipite. Mjomba angalia kwenye kadi yake imeandikwa lini, kama imeshapita waende tu kesho asubuhi hawatafukuzwa, wakafike mapema maana foleni ya damu ni ndefu, na waseme ukweli kwamba dawa zilisimamishwa na zilisimama kwa muda gani ili daktari ajue aanzie wapi.